Baridi ya Masisi na Pumzi za Mtoto

Mwezi wa Septemba shule inafunguliwa, na mvua nayo inarudi. Ndivyo ilivyo kila mwaka katika milima ya Masisi: madaftari mapya na matope hufika pamoja. Saa moja asubuhi ukungu bado umelala juu ya malisho ya ng'ombe. Watoto wanashuka vilima mbio, huyu amejifunika jani la mgomba, yule amevaa mfuko wa plastiki kichwani. Wakifika kalasini nguo zao zimelowa na meno yanagongana. Baada ya juma mbili au tatu mwalimu hasikii tena somo peke yake. Mtoto mmoja anakohoa karibu na dirisha, mwingine anamwitikia karibu na mlango.

Tena kalasi zimejaa. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ya Kongo ilianza kutimiza neno lililoandikwa katika katiba, yaani wazazi wasilipe tena karo katika shule za msingi za serikali, pamoja na zile zinazoongozwa na madhehebu ya dini kwa mapatano na serikali. Watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani wakaingia shuleni. Hiyo ni habari njema, ingawa mabanki hayakuongezeka upesi kama watoto. Halafu tangu mwaka 2022 vita vya jeshi la serikali na kundi la M23 vilifukuza jamaa nyingi za Masisi, na mwezi wa Machi 2025 vikafika mpaka Walikale. Mara nyingi waliokimbia walilala katika kalasi za shule, baba na mama na watoto, jamaa nyingi chini ya bati moja. Mahali kama hapo kikohozi cha mmoja ni kikohozi cha wote.

Ukiwauliza watu, "Kikohozi hiki kimetoka wapi?" wote watakujibu, "Ni baridi." Je, ni kweli?

Mbali sana kaskazini mwa dunia, katika nchi ya Norwe, kuna kisiwa kiitwacho Spitsbergen. Huko bahari inaganda kuwa barafu, na kwa miezi kadhaa jua halichomozi kamwe. Watu waliokaa huko walichimba makaa ya mawe. Kama baridi peke yake ingezaa mafua, basi watu wale wangekohoa kuliko watu wote wa dunia. Wataalamu wawili walikaa nao majira ya baridi ya mwaka 1930 na 1931 ili kuchunguza jambo hilo. Waliona nini? Katika miezi ile ya giza na barafu, wakati meli haziwezi kufika, mafua yalikuwa machache mno. Barafu ilipoyeyuka, meli ya kwanza ikafika na watu wapya na mizigo. Siku chache tu baadaye kisiwa kizima kilikuwa kikipiga chafya.

Kumbe mafua yalikuja na meli! Baridi ilikuwapo siku zote, lakini vidudu havikuwapo. Vidudu hivyo vinaitwa virusi, navyo ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Vinatoka katika pua na kinywa cha mgonjwa anapokohoa, anapopiga chafya, hata anapoimba. Vinakaa pia mikononi mwake, kwa maana amejifuta pua kwa mkono. Halafu mkono huo unashika kalamu ya mwenzake, na mwenzake anajisugua jicho. Hivyo ndivyo vinavyosafiri kutoka banki hata banki.

Lakini baridi haina kosa? Ina kosa lake, tena si dogo. Ili kulielewa yafaa kwanza kutazama nchi yenyewe.

Wilaya mbili za Kivu ya Kaskazini, Masisi na Walikale, ni majirani. Walikale ni kubwa karibu mara tano kuliko Masisi. Ina kilomita za mraba zaidi ya 23,000, na sehemu kubwa ni msitu. Masisi ni nchi ya milima na majani, na vilele vingi vinapita metri 2,000 juu ya bahari. Mto Lowa unatoka katika milima hiyo, unashuka upande wa magharibi, unaipita Walikale, na mwisho unamwaga maji yake katika Lualaba. Mtu anayefuata mteremko huo anaondoka kwenye viazi na ng'ombe, anafika kwenye migazi na ndizi. Anavua pia koti lake njiani. Sababu gani? Hewa hupoa kadiri unavyopanda juu. Ukipanda metri 1,000, joto linapungua kama digri 6. Mwenye kupenda hesabu na afanye hii: kijiji kimoja kiko metri 2,000, kingine metri 800. Kikiwa na digri 25 kule chini, kule juu zitakuwa ngapi? Zitakuwa karibu 18 mchana. Usiku, mvua ikinyesha, zitashuka zaidi.

Basi mtu wa mlimani anafanya nini jioni? Anafunga mlango. Anaziba dirisha kwa kitambaa. Anasogeza watoto karibu na moto, na wote wanalala pamoja katika chumba kimoja ili wapate joto. Hapo ndipo kosa la baridi lilipo. Inawakusanya watu ndani ya nyumba iliyofungwa kama meli ile ilivyowaleta vidudu Spitsbergen, na hewa ya mmoja inakuwa hewa ya wote. Tena wataalamu wa siku hizi wameona kwamba hewa baridi huvisaidia virusi vya mafua kustawi ndani ya pua. Baridi si mama wa ugonjwa, lakini ni mlezi wake.

Moto nao una deni lake. Kuni mbichi, zilizolowa mvua, zinatoa moshi mzito. Moshi huo hauna mlango wa kutokea, unakaa ndani, na mtoto mchanga mgongoni mwa mama aliyeinama juu ya sufuria ya maharage anauvuta wote. Ndani ya njia za pumzi kuna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu usiku na mchana. Moshi unavilemaza. Shirika la Afya Duniani, lile waganga wanaloliita OMS, limeandika kwamba moshi wa jikoni karibu unazidisha mara mbili hatari ya homa ya mapafu kwa watoto wadogo. Baba anayejenga jiko pembeni, chini ya paa lake lenyewe, ameikinga nyumba yake na kikohozi kingi. Asiyeweza kujenga aanike kuni kabla ya kuziwasha, aache tundu juu ya ukuta karibu na paa, na mtoto mchanga akae na dada yake penye hewa safi wakati mama anapopika.

Kuna jambo lingine baya kuliko moshi, nalo halionekani. Ni babula yenye makala iliyoingizwa katika chumba cha kulala ili kipate joto. Makala yanayowaka hayatoi moshi mwingi, kwa hiyo watu wanadhani hayana hatari. Kumbe yanatoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Watu wa Sake wanaijua mazuku, ile hewa inayotoka ardhini na kulala katika mabonde na kuua mbuzi bila kelele. Hewa ya babula si ileile, lakini inaua kimya vilevile. Kwanza kichwa kinauma, halafu mtu analegea, anasinzia, na haamki. Mtu anayelala tayari hatasikia hata hicho kichwa. Babula ikae nje wakati wa kulala, hata kama usiku ni wa baridi kali.

Sasa tutazame kikohozi chenyewe, kwa maana vikohozi si vya namna moja. Kikohozi cha mafua kinaanza puani. Makamasi yanatiririka, koo linawasha, mwili unachoka. Baada ya siku kadhaa kinapungua chenyewe. Hakuna dawa inayokiua, na vidonge vya rangirangi vinavyouzwa sokoni juu ya kitambaa vinakula fedha tu. Mtoto apewe kinywaji cha moto kidogo na chakula kama kawaida. Aliye bado ananyonya anyonyeshwe mara nyingi kuliko siku nyingine. Asali kidogo inatuliza koo, lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo.

Kikohozi cha pili ndicho kinachoua. Mara nyingine kinaanza kama kile cha kwanza, halafu vidudu vinashuka chini mpaka kwenye mapafu. Mapafu yana vifuko vidogo vingi mno, kama povu la sabuni, na katika vifuko hivyo pumzi inaingia katika damu. Vidudu vikiingia humo, vifuko vinajaa usaha na maji. Ugonjwa huo ni homa ya mapafu. Waganga wanaiita nimonia. Mwaka 2019 uliua watoto karibu 740,000 duniani waliokuwa hawajatimiza miaka mitano. Maana yake, katika kila watoto saba wa umri huo waliokufa, mmoja aliuawa na nimonia.

Je, mtu atajuaje kama kikohozi ni cha puani au cha mapafuni? Katika lopitali kubwa kuna mashine ya kupiga picha ya kifua. Kijijini haipo. Jibu lilipatikana katika nchi nyingine ya milima, Papua New Guinea, upande wa pili wa dunia. Kule kuna mji uitwao Goroka, nao uko juu karibu kama Masisi, na watu wake walikuwa wakilala karibu na moto vilevile. Mganga mmoja Mwaustralia, Frank Shann, alifanya kazi huko pamoja na wenzake. Watoto wengi waliletwa na kikohozi, na waganga walikuwa wachache. Wakajiuliza: Katika alama zote za ugonjwa, ni ipi ambayo hata mtu asiyesoma uganga anaweza kuiona? Mwaka 1984 waliandika jibu lao. Tazama kifua na uhesabu pumzi.

Sababu yake ni nyepesi. Vifuko vikijaa maji, kila pumzi inaleta hewa kidogo. Mtoto anaona haimtoshi, kwa hiyo anavuta upesi upesi. Ni kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe badala ya ndoo: lazima aende mtoni mara nyingi zaidi. Juu ya kazi ya Shann na ya waganga wengine waliomfuata, OMS ikaweka hesabu ambayo wauguzi wa dunia nzima wanaitumia mpaka leo, kuanzia Goroka mpaka Walikale.

Hesabu ni hii. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi miwili: pumzi 60 au zaidi kwa dakika moja ni nyingi mno. Mtoto wa miezi miwili mpaka anapokaribia mwaka mmoja: 50 au zaidi ni nyingi mno. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka anapokaribia miaka mitano: 40 au zaidi ni nyingi mno. Sitini, hamsini, arobaini. Mwanafunzi wa kalasi ya pili anaweza kuzishika kichwani.

Lakini kuhesabu nako kuna njia yake. Mtoto awe ametulia. Asiwe analia, asiwe ananyonya. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Inua nguo mpaka tumbo na kifua vionekane. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja, si mbili. Mwenzako ashike saa, au simu yenye saa, aseme "Anza," na dakika ikitimia aseme "Basi." Hesabu dakika nzima. Wako watu wavivu wanaohesabu robo ya dakika na kuzidisha kwa nne. Hao wanakosea, kwa sababu mtoto mdogo hapumui sawasawa: anakimbia, anapumzika kidogo, anakimbia tena. Kama umepotewa na hesabu, anza upya.

Jaribu kwa mfano. Mtoto wa miezi minane anakohoa. Pumzi zake ni 54. Apelekwe upesi. Mtoto wa miaka mitatu ana pumzi 38; huyo ana mafua, akae nyumbani, mwangalie tena jioni na kesho. Sasa angalieni mtego. Watoto wawili wa nyumba moja wanakohoa, na wote wawili wana pumzi 44. Mmoja ana miezi kumi, mwingine miaka miwili. Nani mgonjwa zaidi? Wengi watamwonyesha mdogo, kwa kuwa ni mdogo. Hapana. Kwa mtoto wa miezi kumi 44 hazifiki 50. Kwa mtoto wa miaka miwili zimepita 40, naye ndiye wa kupelekwa kwanza.

Kama hakuna saa nyumbani, kuna alama isiyohitaji saa. Tazama chini ya mbavu. Mtu mzima wa afya akivuta pumzi kifua chake kinatanuka. Mtoto mwenye nimonia kali akivuta pumzi, sehemu ile ya chini ya kifua inaingia ndani, kama ngozi ya ngoma iliyolegea. Ukiona hivyo usingoje asubuhi. Vilevile mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea asiamke vizuri: huyo anapelekwa saa ileile, hata mvua ikinyesha. Afungwe mgongoni au kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi kama ni mchanga, kisha kitambaa kikavu juu. Kwa mtoto mchanga baridi yenyewe ni hatari, kwa maana mwili wake mdogo hauwezi bado kujitunzia joto.

Nimonia iliyogunduliwa mapema inaponywa kwa dawa ya bei ndogo, amoksisilini, inayoyeyushwa katika maji au maziwa ya mama. Muuguzi ndiye anayepima kipimo chake, na katika vijiji vingine yule reko aliyefundishwa kutunza watoto anayo pia. Mama amalize siku zote alizoambiwa. Desturi ya kuacha dawa mtoto anapoanza kucheza, ili kubakiza kidogo kwa ajili ya mdogo wake, ni ya hatari: vidudu vilivyobaki vinajifunza kuishinda dawa. Nayo chanjo inazuia nimonia nyingi. Tangu mwaka 2011 Kongo inawapa watoto chanjo dhidi ya kidudu kiitwacho pneumokoko, kwenye juma la 6, la 10 na la 14 baada ya kuzaliwa. Tena ile ya surua inatolewa kuanzia miezi tisa, na surua ni rafiki mkubwa wa nimonia. Mwanafunzi anayejua kusoma anaweza kuchukua fishi ya mdogo wake na kutazama ni mraba gani bado mtupu.

Huenda watoto wa Walikale wamesoma mpaka hapa wakisema, "Hayo ni ya watu wa mlimani." Hapana, ni yenu pia. Kule chini watu nao wanawasha moto ndani ya nyumba usiku, si kwa ajili ya baridi, bali kufukuza mbu. Moshi ni uleule. Tena Walikale ina hatari yake inayoitwa baridi na isiyo baridi. Mtoto anatetemeka chini ya blanketi mchana wa jua kali. Wazee wanasema, "Ameshikwa na baridi." Mguse: anawaka moto. Mara nyingi hiyo ni malaria. Kidudu chake kilionekana mara ya kwanza katika damu ya mtu mwaka 1880, kule Algeria, na mganga Mfaransa Alphonse Laveran. Na mwaka 1897 Mwingereza Ronald Ross alikigundua ndani ya mbu, kule India. Kidudu hicho kinapenda joto. Ndani ya mbu wa mlima wenye baridi kinakomaa polepole, na mara nyingi mbu anakufa kabla hakijawa tayari. Kwa hiyo malaria ya Masisi ni kidogo kuliko ya Walikale, ingawa ipo.

Shida inawapata hasa wanaosafiri. Mtoto wa Masisi anashuka Walikale kumtembelea mjomba wake anayefanya kazi penye machimbo. Analala usiku chache bila chandarua. Anarudi mlimani mzima kabisa, anaingia shuleni. Kama siku kumi zinapita, hata mbili za juma, na mara anaanza kutetemeka. Nje mvua inanyesha. Kila mtu anasema ni baridi ya mvua, na safari ile imesahauliwa. Tena mwili wa mtoto wa mlimani haujazoea malaria, hivyo inamwangusha kwa nguvu. Jambo baya zaidi ni kwamba malaria kali nayo inaweza kuharakisha pumzi. Kwa macho peke yake hata mganga mwenye mvi hawezi kuitenga na nimonia. Inatakiwa tone la damu ya kidole kwa malaria na hesabu ya pumzi kwa mapafu. Mara nyingine mtoto mmoja ana yote mawili.

Kwa sababu hiyo mkubwa wa watoto anayemsindikiza mama kwenye kituo cha afya ana maneno matatu ya kusema. Aseme umri wa mgonjwa kwa miezi. Aseme kikohozi kilianza siku gani, na kama mtoto alishuka Walikale, alirudi lini. Aseme pumzi alizohesabu nyumbani. Muuguzi hatakasirika wala hatacheka. Ataifunua nguo ya mtoto, ataweka saa mbele yake, na atahesabu tena yeye mwenyewe, dakika nzima.